Mkwe wa Kitonga Hagusi Nyama

"Mwizi! Mwizi! Shika huyo!"

Ukilitamka neno hilo Gikomba, huwezi kulirudisha mdomoni. Wavinya Kitonga alilitamka kwa sauti yake yote, na kabla hajafunga kinywa wanaume walikuwa wameshatokea kila upande: wauza mitumba walioacha marobota nusu wazi, wapiga pasi na pasi zao za makaa mkononi, seremala mmoja na nyundo. Katikati yao alisimama kijana mrefu mwenye unga wa mbao nyweleni, ameshika mkoba wa kijani wa Wavinya uliokatika kamba.

"Si mimi... mkokoteni..."

Kofi la kwanza likatua. Ndipo Wavinya alipogeuka akaona. Mkokoteni uliojaa mbao ulikuwa umepita palepale alipokuwa amesimama akiongea na simu, na ubao mmoja uliochomoza ulikuwa umezoa meza nzima ya sidiria na kuitawanya njiani. Kama si huyu kijana kuuvuta ule mkoba, ubao ungezoa kichwa chake Wavinya.

Kofi la pili lilikuwa njiani. Seremala naye alikuwa ameanza kuinua nyundo.

"Mwacheni!" Wavinya akajitupa katikati, rinda lake la kitenge cha manjano likanaswa kwenye msumari wa kibanda na kuchanika. "Mwacheni! Ni mchumba wangu!"

Watu wakaganda.

"Mchumba wako ndiye mwizi?" mtu mmoja akauliza, mkono bado hewani.

"Tumegombana! Kwani nyinyi hamgombani na watu wenu? Alitaka kuona naongea na nani kwenye simu. Nendeni mkauze nguo!"

Umati ulivunjika shingo upande. Watu wamekuja kwa damu, unawapa mapenzi! Wakaondoka wakinung'unika kuhusu wanawake wa siku hizi, na wale wawili wakabaki wamesimama juu ya sidiria za watu.

"Umeniita mwizi, ukaniita mchumba," kijana akasema akipapasa shavu. "Jina langu ndilo bado hujaniita."

"Silijui."

"Muoki."

"Pole sana, Muoki. Mimi ni Wavinya."

"Sasa Wavinya, hilo la uchumba umelifuta, ama linaendelea?"

"Wacha mchezo. Mtu nusura auawe na bado analeta mistari! Angalia unavyotetemeka."

"Si mimi. Ni magoti."

Wavinya akacheka, akamtazama vizuri. Ovaroli ya bluu iliyopauka, penseli nyuma ya sikio, mikono mipana yenye makovu ya patasi. Mwenye mkokoteni, Mukhwana, akarudi mbio akihema, jasho likimtiririka. "Dada, nisamehe, breki ni hii miguu yangu na leo imekataa kazi." Kisha akamgeukia Muoki, kwani walikuwa wakifahamiana siku nyingi. "Buda, umepata bibi kwa sababu yangu. Usinisahau."

Hakusahauliwa. Nyinyi subirini tu.

Muoki alikuwa fundi wa kuchonga vitanda, na katika majumba mengi ya Eastlands watu wanalala chini ya maua yaliyotoka kwenye patasi yake. Wavinya alishika kaunta katika bucha ya babake, Shauri Moyo, mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka Gikomba. Mzee Kitonga alikuwa na jina. Mbuzi wake walikuwa mbuzi, si kondoo waliobatizwa, na asubuhi wafanyakazi walipanga foleni kwa supu yake kabla ya kwenda kazini.

Binti wa bucha hapendi kwa kutuma maua ya simu. Anapenda kwa chakula.

"Fundi, umekula?"

"Bado, malkia."

"Utakula nini?"

"Nitaangalia."

"Usiangalie. Naleta."

Akija, soko lote lilimjua kwa harufu: mbavu zilizokaangwa na dania, matumbo, supu nzito ya mifupa, vyote ndani ya hotipoti ya waridi. Alivaa vizuri kwa safari hiyo fupi, utadhani anaenda harusini, na mafundi waliacha randa wakamsalimu: "Shemeji, sisi je?" Naye anajibu: "Nyinyi wake zenu wako wapi?" Muoki alikula, akalamba vidole, akaongezwa chumvi.

Alipokwenda na mjomba wake, Mzee Ndete, kujitambulisha kwa kina Kitonga, mambo yalikwenda kama siagi juani mpaka kaka mkubwa wa Kitonga, mzee mmoja mkavu aitwaye Ndolo, alipoweka kikombe chini. Katika ukoo ule kila mposaji huulizwa swali moja na wazee, na Ndolo ndiye mwenye kuliuliza.

"Kwenu kuna ugonjwa gani?"

"Hakuna, mzee," Muoki akasema.

"Babako alikufa na nini?"

Mjomba Ndete akakohoa. Muoki akatazama mlango wa jikoni, ambako ncha ya leso ya Wavinya ilionekana ikisikiliza.

"Ajali. Akiwa kazini."

Kazini ni kweli. Babake Muoki aliangukia kitanda alichokuwa akikichonga, upande mmoja wa uso umelegea, akiwa na miaka arobaini na moja, naye babu alikuwa ameondoka vivyo hivyo. Kiharusi. Lakini nani anapeleka binti kwenye nyumba ambayo wanaume wake huanguka kama nguzo zilizoliwa na mchwa? Akadanganya kwa mapenzi, wazee wakatingisha vichwa, siku ya ntheo ikapangwa.

Kwa asiyejua: ntheo ni mbuzi wanaopelekwa kwa kina msichana. Wakichinjwa na kuliwa, msichana ni mke wa mtu. Wasipoliwa, hata mkae pamoja mpaka mzae timu ya mpira, wazee watakuambia bado hujaoa.

Wiki mbili baadaye patasi ilimdondoka Muoki mkononi. Akainama kuiokota, damu ikamtiririka puani, na vidole vya mkono wa kushoto vikawa kama vya mtu mwingine. Mukhwana alimpakia kwenye mkokoteni juu ya magunia, akampeleka zahanati akipiga kelele njia nzima, watu wapishe mgonjwa.

Daktari, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alimfunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, akatazama namba, akamfunga tena.

"Kwenu nani ana presha?"

Swali lilelile. Safari hii alijibu kweli.

"Sasa nisikilize, kijana. Dawa utameza kila siku, haina mjadala. Lakini ukiendelea na nyama na chumvi hivi, tutaonana hapa tena, na siku hiyo utabebwa. Sijasema nyama uiache kabisa. Nimesema iwe ya mara mojamoja, kipande. Siku zingine sahani yako naitaka iwe ya shamba: mboga za majani, ndengu, mbaazi, maharage, matunda. Umeoa?"

"Karibu."

"Basi mwambie huyo karibu."

Hakumwambia. Angeanzia wapi? Akisema presha, ataulizwa ya babake. Akisema ya babake, uongo utatoka nje ukiwa uchi, na mbuzi watarudi na kamba zao.

Basi akaanza maisha ya kujificha, na kitu cha ajabu ni kwamba alikuwa akijifichia maharage. Saa ya chakula hotipoti ikifika, anampokea Wavinya, anamsifu, anamsindikiza mpaka kona. Akigeuka, hotipoti inaingia mikononi mwa Mukhwana, aliyeapa kunyamaza, naye Muoki anaingia kwenye kibanda cha chakula cha Shamso, nyuma ya mashine za kupasulia mbao. Shamso alikuwa mjane kijana, mwembamba, na baibui yake ya zambarau haikuwahi kushika moshi wa jiko lake. Alimpakulia ndengu za nazi, mboga za terere, mchicha, wali wa kahawia, parachichi lililokatwa vipande. Chumvi kiduchu.

Wiki za kwanza zilikuwa mateso. Usiku aliota mbavu. Kisha kichwa kikaacha kumgonga asubuhi, ngazi za kwao Jericho akazipanda bila kusimama katikati, na namba za daktari zikaanza kuteremka. Mukhwana ndiye aliyenenepa, mashavu yakawa kama ya bwana harusi.

Tatizo la Mukhwana lilikuwa moja tu: tumbo likishiba, ulimi unaamka.

"Nyama ya Kitonga, manze, ni tamu," akawaambia wenzake wa mikokoteni siku moja, akifyonza mfupa. "Lakini mkwe wake mwenyewe haigusi. Sijui huyo anajua nini."

Wakacheka. Ilikuwa mzaha. Lakini siku zile redio zote zilijaa habari za nyama inayopakwa dawa ili isioze, na mji ulikuwa ukinusa kila mnofu mara mbili. Mzaha ulitoka Gikomba kwa mkokoteni, ukafika Shauri Moyo kwa mama muuza nyanya, ukaingia kwenye kikundi cha chama cha akina mama kwa simu. Kufikia Ijumaa ulikuwa umevaa suti: mkwe wa Kitonga hagusi nyama ya Kitonga, anajua inakopakwa dawa.

Foleni ya supu ikapungua. Kisha ikakatika. Kitonga alisimama nyuma ya gogo lake na koti jeupe, visu vimenolewa, mapaja ya mbuzi yakining'inia kwenye ndoano tangu asubuhi, na majirani wa miaka mingi wakipita upande wa pili wa barabara wakijifanya wanatazama simu.

"Wavinya," akamwita binti yake bila kumtazama. "Yule mtu wako anakula nyama yangu, ama hali?"

"Anakula, baba! Si mimi ndiye ninayempelekea?"

"Nenda ukamwone akila."

Alikwenda bila kupiga simu, kwa mara ya kwanza bila hata kupaka rangi ya midomo. Kitu cha kwanza alichokiona ni hotipoti yake ya waridi katikati ya magoti ya Mukhwana.

"Shemeji!" Mukhwana akaruka, ubavu wa mbuzi mdomoni. "Karibu... mimi... nilikuwa naonja tu."

"Yuko wapi?"

Macho ya Mukhwana yalikimbilia kibanda cha Shamso, na Wavinya akayafuata.

Muoki alikuwa na kijiko cha ndengu nusu njia. Shamso alikuwa ameinama akimwongezea mboga.

"Kumbe," Wavinya akasema mlangoni. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililowatisha wote. "Kumbe kuna anayekupikia."

Shamso akaweka mwiko chini. "Dada, mimi nauza maharage. Waume siuzi."

"Sijaongea na wewe. Muoki. Nyama yetu ina nini?"

"Haina kitu, Wavii."

"Basi mbona huli?"

Randa zilikuwa zimenyamaza. Nusu ya Gikomba ilikuwa imegeuza shingo, na kule mbele Muoki alimwona yuleyule seremala wa nyundo, masikio yamesimama.

"Sijisikii tu," akasema.

"Hujisikii? Miezi yote hii hujisikii? Kila siku naamka alfajiri nachagua mbavu nzuri kuliko za wateja, nakaanga, natembea na jua hili, wewe unanibusu mkono na kusema 'Malkia, umeniua leo'! Halafu unampa Mukhwana?"

"Wavinya, tafadhali, twende pembeni..."

"Unajua baba jana aliwatupia mbwa maini? Kitonga! Mbwa! Watu wanasema mkwe wetu anajua nyama inapakwa dawa. Mkwe wetu, Muoki. Ni wewe huyo."

Kijiko kikaanguka. Hakuwa amesikia. Katika mji mzima yeye ndiye alikuwa wa mwisho kusikia.

"Baba amesema mbuzi wako uwauze," Wavinya akamaliza, akaondoka. Hotipoti aliiacha.

Simu ya Muoki, Wavinya aliipokea mara ya kumi, sauti kavu.

"Sema."

"Wavinya..."

"Jina langu nalijua. Sema kwa nini."

Muoki alikuwa amekaa kitandani, Jericho, watoto wakicheza mpira wa kati chini ya dirisha.

"Kuna mwanamke?"

"Hakuna. Naapa."

"Umeingia zile dini za kufunga?"

"La."

"Basi ni nyama yetu."

"La, Wavii! Nyama yenu ni safi kuliko..."

"Basi ni nini, Muoki? Hebu nisaidie. Mimi si mchawi nijue."

Ilikuwa sentensi fupi tu. Lakini nyuma yake alimwona Mzee Ndolo akiweka kikombe chini.

"Nitakuambia. Nipe muda kidogo."

"Muda ndio baba yangu hana," akasema, akakata.

Jumamosi mchana watu wanaponunua nyama ya wikendi, Muoki alishuka Shauri Moyo akiwa amevaa shati jeupe na suruali ya kupigwa pasi. Kundi la watu lilikuwa mbele ya bucha, lakini hakuna aliyenunua. Walikuja kutazama, maana mtu alikuwa ameandika kwa chaki kwenye ukuta wa jirani: MWULIZENI MKWE. Kitonga alikuwa akifuta gogo safi kwa kitambaa safi. Wavinya alikuwa kaunta, macho mekundu.

"Huyo anakuja," mama muuza nyanya akanong'ona. "Jamani, huyo anakuja."

Kitonga akainua kichwa. "Umekuja kufanya nini hapa?"

"Nimekuja kuulizwa, mzee." Akawageukia watu. "Imeandikwa mniulize. Sawa. Mimi ndiye mkwe. Ni kweli nyama ya Mzee Kitonga sijaila siku nyingi. Na ya bucha nyingine pia sijaila. Nina presha."

"Presha gani?" mtu akadakia. "Kijana kama wewe?"

"Presha ya kuanguka. Nusura iniangushe mwezi wa sita. Mukhwana alinibeba kwa mkokoteni, mwulizeni. Daktari amenikataza chumvi na mafuta, nyama niionje kwa nadra. Ndiyo sababu nakula ndengu. Nyama ya mzee huyu nimeila mwaka mzima na haijawahi kuniumiza tumbo hata siku moja. Mkitaka kumwogopa mtu, niogopeni mimi."

Mama mmoja wa chama, mwenye uso wa aibu, akasogea kaunta. "Mzee, hebu nipimie mbavu hapo." Na mwingine nyuma yake. Ndivyo watu wetu walivyo: wanaondoka pamoja, wanarudi pamoja.

Lakini Kitonga hakushika kisu.

"Babako," akasema polepole. "Uliniambia ajali."

"Nilidanganya, mzee. Ilikuwa presha. Na babu yangu pia."

"Mbele ya kaka yangu. Ndani ya nyumba yangu."

"Ndiyo, mzee."

"Toka kwenye bucha yangu."

Muoki akamtazama Wavinya. Alitarajia machozi, pengine msamaha. Akakuta uso uliofungwa kama mlango wa duka siku ya maandamano.

"Umewaambia wauza nyanya," Wavinya akasema. "Umemwambia daktari, Mukhwana, yule wa maharage, na sasa umeambia Shauri Moyo yote. Mimi nilikuuliza kwa simu, nikakuomba. Mimi ndiye wa mwisho."

Akaingia nyuma ya pazia. Wateja walikuwa wanapanga foleni.

Siku kadhaa zikapita bila neno. Mukhwana alimletea Muoki machungwa na kuomba radhi mpaka akachosha. Mjomba Ndete alipiga simu kuuliza kama mbuzi wauzwe, Muoki akasema subiri, mjomba akasema mbuzi wanakula nyasi, hawali subira.

Jumapili jioni simu ikalia.

"Uko wapi?"

"Nyumbani."

"Usitoke."

Wavinya alifika Jericho na sketi nyeusi, sweta la kijivu na viatu bapa, nguo za mtu anayeenda hospitali kumwona mgonjwa. Hakukaa alipokaribishwa. Alitembea chumba kizima akitazama: kikapu cha mboga, mfuko wa mbaazi, vidonge juu ya redio, na kile kimashine kidogo cha kupima.

"Jipime. Nikiona."

"Sasa hivi?"

"Ama unataka kwanza uite majirani?"

Akakunja mkono wa shati. Kitambaa kikajaa upepo, kikabana, kikaachia. Wote wawili wakainamia namba, vichwa vikikaribiana, na Muoki akanusa mafuta ya nazi kwenye nywele zake.

"Imepanda," Wavinya akasema kwa hofu. "Muoki, hii si ya juu?"

"Asubuhi ilikuwa nzuri. Hiyo ni wewe."

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Pima ukiwa nje ya mlango uone."

Midomo yake ilitaka kucheka, akaikataza. Akaketi, hatimaye, kwenye ukingo wa kitanda.

"Babako alikuwa na miaka mingapi?"

"Arobaini na moja."

"Wewe?"

"Thelathini na tatu."

Akahesabu kimoyomoyo. Muoki alimwona akihesabu, na hakuna kitu kilichowahi kumuuma hivyo.

"Baba hakujua alikuwa nayo," akasema. "Hakuwahi kupimwa, Wavii. Alikula chumvi ya mkono mzima na kichwa kikimuuma anasema ni jua. Mimi najua. Ndiyo maana nakula hivi."

"Mimi sitaki kuolewa na picha ya ukutani."

"Najua."

"Hujui! Ungejua ungeniambia mimi kwanza. Ningekukaangia nini kila siku, unafikiri? Nilikuwa nakulisha sumu kwa mikono yangu na wewe unaniita malkia. Ungekufa, ningekuwa mimi ndiye nimekuua. Ulifikiria hilo?"

Hakuwa amelifikiria. Alifikiria mbuzi, wazee, aibu yake. Hilo la mikono ya Wavinya halikuwa limempitia hata mara moja, na sasa lilipompitia lilimkalisha chini sakafuni, mgongo kwenye ukuta.

"La," akasema. "Nisamehe. Hilo sikulifikiria."

Wavinya akainuka, akajifunga sweta.

"Mwambie mjomba wako mbuzi waje Jumamosi. Baba nimemwambia asiwafukuze."

"Kwa hiyo umekubali?"

"Nani amesema nimekubali? Jibu langu utalipata mbele ya watu. Kama mimi nilivyolipata lako."

Nyumba za zamani za Shauri Moyo zina ua wa pamoja, kwa hiyo siku ya ntheo hakuna jirani anayealikwa wala anayekosa. Mbuzi walifungwa kwenye nguzo ya kuanikia nguo. Wanawake wa kina Kitonga walivaa leso za kufanana, wale wa upande wa Muoki wakaketi upande wa pili, na katikati wazee. Wote walijua habari. Shangazi mmoja wa Wavinya, ambaye sauti yake ya kunong'ona husikika mtaa wa pili, alimwambia mwenzake: "Hapa tunampeleka mjane." Mamake Muoki akainamisha kichwa.

Wavinya akatoka ndani. Alivaa gauni la rangi ya chungwa lililomshika mabega, shingo wazi, masikio wazi, hana hata kipuli. Muoki alisimama bila kuambiwa asimame, mjomba akamvuta koti akaketi.

Mzee Ndolo akasafisha koo. "Binti yetu. Watu hawa wamekuja na mbuzi. Kwetu mbuzi haliwi mpaka msichana aseme. Tule, ama tuwarudishe?"

Kitonga alikuwa kando na kisu chake kirefu, mgongo umegeuzwa.

"Baba mkubwa," Wavinya akasema, "kabla sijajibu, mwulizeni tena lile swali la siku ya kwanza."

Mnong'ono ukapita uani. Ndolo akamtazama kaka yake, kaka yake hakugeuka. Basi akamtazama Muoki.

"Kwenu kuna ugonjwa gani?"

Muoki akasimama. Alimtazama Wavinya, si wazee.

"Kwetu kuna presha. Ilimchukua babu, ikamchukua baba, nami ninayo. Watoto wangu wanaweza kuwa nayo. Nameza dawa kila asubuhi. Chakula changu ni cha shamba, nyama ni ya siku kama ya leo, kipande. Nilidanganya katika nyumba hii na ninaona aibu. Miaka siwezi kuahidi, si yangu. Naahidi nikiumwa hata ukucha, Wavinya atajua kabla ya mtu mwingine."

Mbuzi mmoja akalia. Hakuna aliyecheka.

"Umesikia," Ndolo akamwambia Wavinya. "Hakuna atakayekulaumu. Tule?"

Wavinya alisimama pale muda ambao mamake Muoki aliutumia wote kuomba. Alimtazama shangazi wa mnong'ono mpaka shangazi akatazama viatu vyake. Alimtazama babake, mgongo ule mpana uliosubiri. Mwisho akamtazama Muoki, aliyesimama mikono wazi kama mtu anayepekuliwa.

"Baba," akasema, "chinja."

Kitonga akageuka.

"Chinja, watu wale washibe," akasema tena, na sasa sauti ilikuwa inamtetemeka. "Lakini sahani ya huyu, leo na siku zote, asiiguse mtu. Naipakua mimi."

Vigelegele vikapasua ua, vikaruka paa mpaka barabarani. Muoki akausikia moyo wake ukimpiga masikioni kwa nguvu, tena na tena, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya zahanati hakuuogopa.